Linus Pauling na Siri ya Selimundu

Mtaani Kware, Embakasi, wamo wapangaji wengi waliotoka magharibi mwa nchi na kandokando ya Ziwa Victoria. Baadhi yao wana mtoto ambaye hukesha akilia kwa maumivu ya mifupa, macho yake yakiwa ya manjano, nao majirani hunong'ona habari za uchawi. Hayo ni maradhi ya selimundu. Aliyeonyesha kwamba chanzo chake kimo katika kemia ya damu ni Linus Pauling. Nayaona maisha yake kuwa funzo kwetu, kwa tendo lake jema na kwa kosa lake pia.

Pauling alizaliwa Portland, Marekani, tarehe 28 Februari 1901. Babaye, muuza dawa, alifariki mwaka 1910, na mama akawalea watoto watatu kwa kupangisha vyumba. Kijana huyo alisoma huku akifanya vibarua, hata akapata shahada ya uzamifu mwaka 1925.

Mimi ni mtu wa isimu, na neno selimundu lanivutia. Lataja umbo tu: seli iliyopinda kama mundu. Pauling aliuliza ni kitu gani kinachoipinda. Mwaka 1945 alimsikia daktari William Castle akieleza kuwa seli hizo hujipinda damu inapopungukiwa na oksijeni. Akakisia kuwa kasoro imo katika himoglobini, protini ibebayo oksijeni.

Kazi ya kuthibitisha alimpa Harvey Itano, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyewahi kuzuiliwa kambini wakati wa vita. Itano na wenzake walipitisha mkondo wa umeme katika myeyusho wa himoglobini. Ile ya wagonjwa ilisafiri tofauti na ya wazima, maadamu chaji zake za umeme si sawa. Katika damu ya waliorithi jeni moja tu, aina zote mbili zilionekana pamoja, na kiasi cha kila moja kikapimika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1949, na vipimo vingi vya maabara vya selimundu vimejengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha kwamba jeni hiyo imeenea palipo na malaria, kwa kuwa mwenye moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu imo kwa wingi ziwani na pwani. Si laana, wala si uchawi.

Mwaka huohuo Pauling alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, kisha ile ya Amani ya 1962 kwa kupinga majaribio ya silaha za nyuklia. Hata hivyo, mwaka 1968 alipendekeza vijana wenye jeni hiyo wachorwe alama ya kudumu kwenye paji la uso, ili watambuane na wasioane. Nia yake ilikuwa kuwaepusha watoto na mateso, ila njia yake ingewafedhehesha watu wasio na hatia. Alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka 93.

Rai yangu ni hii. Kila mtoto azaliwaye Kware apimwe, bila wazazi kudaiwa fedha wasizo nazo, kwani atambuliwaye mapema huweza kukingwa kwa dawa na chanjo. Wazazi wenye jeni hiyo wote wawili waelezwe kwamba kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mgonjwa. Lakini jibu la maabara libaki amana baina yao na daktari. Mtaani hauhitajiki wino kumtia mtu alama, ulimi watosha.