Carl Linnaeus na Majina ya Miti

Katika nchi ya Uswidi, upande wa kusini, palikuwa na mti mkubwa ambao watu wa huko huuita lind. Majani yake yana umbo la moyo, na maua yake huning'inia pamoja na jani moja jembamba lililopauka, mfano wa bawa. Mti huo ulisimama katika shamba la wazee wa kijana mmoja aitwaye Nils. Zamani zile watu wa mashamba hawakuwa na jina la ukoo. Kila mtu aliitwa kwa jina la baba yake. Basi Nils alipokwenda kusomea ukasisi, ikampasa kuwa na jina la kudumu, akajiita Linnaeus kwa ajili ya mti ule. Mwaka wa 1707, mwezi wa Mei, alizaliwa mwanawe wa kwanza, Carl.

Kasisi Nils alipenda sana bustani yake, na mtoto alimfuata huko akiuliza jina la kila mmea. Akiisha kuambiwa, husahau, akauliza tena. Baba akachoka, akamwonya kwamba jina atakalolisahau hatatajiwa mara ya pili. Tangu siku ile Carl akajitahidi kuyashika.

Shuleni hakufanikiwa. Mwaka wa 1726 walimu walimwarifu baba yake kwamba kijana hafai kuwa kasisi, na ingekuwa heri ajifunze kazi ya mikono, kama vile kushona nguo au viatu. Walimu wale hawakuwa wajinga. Ni kweli kwamba Carl aliyaacha masomo yao akaenda kondeni kuchuma majani. Lakini tabibu mmoja wa mji ule, Johan Rothman, aliona kijana ana akili ya namna nyingine. Akamsihi baba asimwondoe, akamchukua nyumbani kwake, akamfundisha habari za dawa na mimea.

Mwaka wa 1728 Carl alifika katika chuo kikuu cha Uppsala. Fedha zilimwishia upesi, hata akawa akitia karatasi ndani ya viatu vyake ili kuziba matundu. Siku moja mwaka wa 1729 alikuwa katika bustani ya chuo akichunguza maua, akapita kasisi mmoja mzee na mwenye elimu, Olof Celsius. Mzee akamwuliza mimea ile, mmoja baada ya mmoja, na kijana akaitaja yote. Celsius akampa chumba na chakula.

Katika miaka ile Linnaeus aliwaza sana jambo moja: mti hutambulikana kwa dalili gani? Kimo chake hutegemea udongo na maji. Gome la mti mchanga huwa laini, la mti mzee hupasuka. Pengine hata majani ya mche si sawa na majani ya mti mzima. Lakini ua halibadiliki ovyo. Ndani yake mna vijiti vyembamba vyenye unga wa manjano, ndivyo sehemu ya kiume, na katikati mna sehemu ya kike ambayo huwa tunda. Linnaeus akaanza kuvihesabu vijiti hivyo, na kwa hesabu hiyo akaigawa mimea yote katika mafungu 24. Mwaka wa 1735, akiwa Uholanzi, alipiga chapa kitabu cha mpango huo, na kurasa zake hazikuzidi kumi na chache.

Njia hiyo ilikuwa rahisi. Mtu aliyejua kuhesabu aliweza kuutafuta mti asioujua na kuuona kitabuni. Hata hivyo ilikuwa na kasoro kubwa. Ulitazame ua la mkwaju: vijiti vyake vyenye unga ni vitatu. Ua la ngano lina vitatu, na la muwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mkwaju ukawekwa fungu moja na nyasi! Mtu atazamaye maganda yake atajua kwamba ndugu zake ni kunde na maharagwe. Linnaeus mwenyewe alijua kwamba mpango wake ni kama kamusi, ambamo maneno hukaa pamoja wala si ndugu. Mwaka wa 1789 Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu alitoa kitabu kilichokusanya mimea kwa dalili nyingi pamoja, na hesabu ya vijiti ikaachwa baadaye.

Lakini majina hayakuachwa. Zamani wataalamu waliuita mmea kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mmoja alikuwa na sentensi yake. Mwaka wa 1753 Linnaeus aliupa kila mmea jina la maneno mawili tu, la kwanza la jamaa yake, la pili lake wenyewe. Mkwaju ukawa Tamarindus indica. Neno la kwanza latoka katika Kiarabu, maana yake tende ya Kihindi, na la pili ni Hindi tena, na huku asili ya mti huo ni Afrika. Mbuyu aliuita Adansonia digitata: Adansonia kwa heshima ya Mfaransa Adanson, aliyeuchunguza huko Senegal, na digitata kwa kuwa majani yake yamekaa kama vidole vya mkono.

Tangu 1741 alikuwa mwalimu mkuu huko Uppsala, akawatuma wanafunzi wake nchi za mbali kutafuta mimea. Kazi hiyo iligharimu roho za watu. Christopher Tärnström alikufa safarini mwaka wa 1746 akaacha mjane na watoto. Mjane akamlaumu Linnaeus, naye tangu hapo akatuma vijana wasiooa. Pehr Forsskål aliuona mti wa zeri huko Yemen, akampelekea mwalimu wake tawi lake, kisha akafa kwa homa mwaka wa 1763.

Mwaka wa 1774 Linnaeus alipatwa na kiharusi. Akili yake ikafifia, hata akalisahau jina lake mwenyewe. Alipowekewa vitabu vyake mbele yake alivisoma kwa furaha, asijue kuwa ndiye aliyeviandika. Alikufa tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.