Earl Sutherland, mwana wa mwenye duka aliyemfuata mjumbe ndani ya seli

Mama yangu mzazi ana pumu tangu tulipokuwa ukimbizini mkoani Kigoma. Kwenye zahanati ya kambi alizoea kupewa aminofilini, vile vidonge vya bei nafuu ambavyo wafanyabiashara wengi wa mpakani wanavijua. Mwaka 2008 tulirudi nyumbani Burundi, na pumu ikarudi naye.

Miaka michache baadaye tumbo lilimsumbua. Akaingia duka moja la dawa karibu na mpaka, akauziwa siprofloksasini bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Siku ya tatu moyo ulikuwa unamwenda mbio, anatapika, mikono inatetemeka. Usiku mwili ukakakamaa, tukambeba hospitali. Daktari aliuliza swali moja tu, kuhusu dawa, akaelewa. Siprofloksasini huzuia ini lisiiondoe aminofilini mwilini kwa kasi yake ya kawaida, kwa hiyo dawa ya pumu ilikuwa imejaa kwenye damu mpaka ikawa sumu.

Mama alipona. Mimi ndiye niliyebaki na aibu. Nafundisha biolojia, na sikuweza kueleza kidonge alichokimeza mama yangu miaka yote hiyo kinafanya nini. Nilipoanza kutafuta nilifikishwa kwa Mmarekani aliyefariki kabla sijazaliwa, Earl Wilbur Sutherland.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1915 katika mji mdogo wa Burlingame, jimbo la Kansas. Baba yake aliwahi kulima New Mexico na Oklahoma, kisha akafungua duka la vitambaa na nguo hapo Burlingame. Mtoto alipenda kuvua samaki, na mapenzi hayo hayakumtoka hata alipokuwa profesa. Mwaka 1933 alijiunga na chuo cha Washburn mjini Topeka. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, pesa ya nyumbani haikutosha, akajilipia masomo kwa kufanya kazi ya mhudumu hospitalini. Kutoka hapo akaenda St. Louis kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington, akahitimu mwaka 1942.

Vita vikamchukua. Alikuwa daktari katika jeshi la Jenerali Patton, kisha katika hospitali ya kijeshi Ujerumani hadi mwaka 1945. Aliporudi hakujua ashike njia ipi, atibu wagonjwa au aingie maabara. Sisi tuliorudi tunaifahamu hali hiyo, umefika kwenu na bado hujui uanzie wapi. Aliyemvuta maabara ni Carl Cori, ambaye pamoja na mkewe Gerty walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi yao juu ya jinsi mwili unavyotunza na kutumia sukari.

Swali la Sutherland lilikuwa la kawaida kabisa. Ukishtuka, ukikutana na nyoka njiani, tezi zako humwaga adrenalini kwenye damu, na ini hufungua ghala lake na kutoa sukari ili upate nguvu ya kukimbia. Adrenalini inaliambiaje ini lifanye hivyo? Wengi waliamini kwamba homoni hufanya kazi kwenye seli nzima tu, na kwamba ukiivunja seli umeharibu kila kitu.

Mwaka 1953 alihamia Cleveland kuongoza idara ya elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Western Reserve. Hapo, akiwa na Theodore Rall na wenzao, aliisaga ini, akaizungusha kwa mashine ya kasi hadi mabaki ya utando wa seli yakajitenga na maji ya ndani yake. Adrenalini ikiwekwa kwenye yale maji peke yake, hakuna kilichotokea. Wakaiweka kwenye mabaki ya utando, wakayachemsha, wakachukua maji yaliyopatikana na kuyamimina kwenye yale maji ya seli. Kimeng'enya cha kuvunja ghala la sukari kikaamka. Jaribio hili nalipenda kuliko yote ninayofundisha. Adrenalini haikuingia ndani ya seli hata kidogo. Ilibisha hodi kwenye utando, na utando ukamtuma mtu mwingine ndani, mtu ambaye hata kuchemshwa hakumuui.

Matokeo hayo yalitoka mwaka 1957. Mjumbe yule alikuwa molekuli ndogo iitwayo saikliki AMP. Kumtambua kulisaidiwa na bahati ya barua. David Lipkin wa St. Louis alikuwa ameitengeneza molekuli hiyohiyo kwa njia ya kikemia bila kujua kazi yake. Yeye na Sutherland, kila mmoja kwa wakati wake, walimwandikia Leon Heppel kumwomba msaada, naye akagundua kwamba barua zote mbili zinazungumzia kitu kimoja.

Sutherland aliposema kwamba mjumbe huyo anatumiwa na homoni nyingi tofauti, wengi hawakumkubali. Homoni moja inaongeza sukari, nyingine inaharakisha moyo, iweje zote zitume mtu mmoja? Hakubishana sana, aliendelea kupima. Mwaka 1963 alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, apate nafasi zaidi ya utafiti na kazi ndogo ya kufundisha (mimi mwalimu, nimemsamehe). Mwaka 1965 maabara yake ilimkuta mjumbe huyo hata ndani ya bakteria. Baadaye ikaeleweka pia kwamba sumu ya kipindupindu, ugonjwa tunaoujua vizuri huku kando ya Ziwa Tanganyika, hulazimisha seli za utumbo kutoa saikliki AMP bila kikomo, ndipo maji ya mwili yanapomwagika.

Lakini nirudi kwenye kidonge cha mama. Mjumbe akishatoa habari lazima aondolewe, la sivyo seli haitulii. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho fosfodiesterezi. Mwaka 1962 Sutherland na R. W. Butcher walieleza jinsi walivyokitenga na kuonyesha kwamba kafeini na teofilini hukizuia. Kafeini ndiyo ya kahawa tunayovusha mpaka kwa magunia. Teofilini ilitolewa kwenye majani ya chai mwaka 1888 na Mjerumani Albrecht Kossel, na aminofilini ni teofilini iliyochanganywa na kitu kingine ili iyeyuke vizuri. Mfutaji akizuiwa, mjumbe hukaa muda mrefu zaidi. Kwenye misuli ya njia ya hewa husema legea, na kwenye chembe nyeupe za damu husema poa, punguza kemikali za uvimbe. Hiyo si njia pekee ya teofilini, ila ni mojawapo.

Ubaya wake ni kwamba inamzuia mfutaji kila mahali, hata moyoni na kwenye ubongo. Ndiyo maana kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru kuna nafasi finyu, na mama aliipita.

Baadaye wanasayansi walibaini kuwa vimeng'enya hivyo ni koo 11, na ukoo wa nne ndio unaotawala kwenye chembe za uvimbe. Jaribio la mapema la kuulenga, rolipramu, lilikwama kwa sababu ya kichefuchefu. Roflumilasti ilikubaliwa Ulaya mwaka 2010 kwa ugonjwa sugu wa mapafu, na apremilasti Marekani mwaka 2014 kwa uvimbe wa viungo na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Nazo huleta kuhara na kupunguza uzito.

Sutherland hakuziona. Mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba peke yake, bila wa kugawana naye. Mwaka 1973 alihamia Chuo Kikuu cha Miami, na tarehe 9 Machi 1974 akafariki huko, akiwa na umri wa miaka 58.

Mama siku hizi anatumia dawa za kuvuta kwa mdomo, moja ya kufungua kifua na nyingine ya kutuliza uvimbe. Akienda kununua dawa yoyote hubeba pakiti zake zote kwenye mfuko wa kitenge, na huzimwaga juu ya kaunta kabla hajasema anaumwa nini.