Mhandisi wa Reli na Deni la Wajenzi

Mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, haujapata kufikiwa na reli. Hata hivyo wananchi wa Mara, na ndugu zetu wa visiwa vya Ukerewe na Ukara, walikuwa abiria wa gari moshi kwa miaka mingi kwa njia ya maji: meli iliwafikisha Kisumu au Mwanza, na huko wakapanda behewa. Katika historia ya safari hizo limo jina la George Whitehouse.

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1857. Alitia mguu Mombasa Desemba 1895, akiwa mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda, na mwezi Mei 1896 chuma cha kwanza kikatandikwa. Mbele yake palikuwa na nyika ya Taru isiyo na maji. Tsavo, ambako simba walisimamisha kazi mwaka 1898. Kisha magenge ya Bonde la Ufa, ambako mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma hadi njia ya kudumu ilipokamilika. Mei 1899 reli ilifika penye kinamasi, pakawa makao makuu ya kazi. Hapo ndipo Nairobi. Desemba 1901, baada ya kilomita zipatazo 930, reli iligusa Ziwa Victoria mahali paitwapo leo Kisumu. Serikali yake ilimtunukia cheo cha Sir, naye akafariki dunia mwaka 1938.

Ustadi wake hatuubezi. Lakini haifai kuyahesabu mataruma tukaacha kuwahesabu watu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Wanandi, ambao nchi yao iliingiliwa, walipinga hata kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Hao hawakutunukiwa cheo chochote.

Tena, reli peke yake haikumfaa mtu wa kisiwani. Iliyomfaa ni meli iliyoungana nayo, tangu William Mackinnon iliyoshushwa majini mwaka 1900 hadi MV Victoria ya mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli na meli ziligawanywa, na kiungo hicho kikalegea.

Mpango wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi. Twawaomba viongozi wetu, siku wautekelezapo, wakumbuke mambo mawili. Kwanza, kila atakayepisha njia na kila atakayebeba taruma apewe haki yake kamili. Pili, reli itakayokoma gatini Musoma pasipo meli ya kumpokea Mkerewe itakuwa imemwacha nusu ya safari. Maisha ya Whitehouse yatufundishe kwamba kazi kubwa haipimwi kwa urefu wa chuma tu, bali kwa hali ya walioijenga na wanaoitumia.