Piet Hein: Malenga Aliyeiacha Miraba

Wacheza dama wa barazani huona miraba kuwa ndiyo asili ya kila ubao. Lakini alikuwako malenga mmoja wa Denmark aliyeiacha miraba, akafuata mfano wa sega la nyuki.

Huyo ni marehemu Piet Hein, aliyezaliwa Copenhagen tarehe 16 Desemba, 1905. Alisomea sanaa Uswidi, na elimu ya fizikia katika chuo kikuu cha mji wake.

Tarehe 9 Aprili, 1940, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark. Hapo Hein, kwa lakabu ya Kumbel, akaanza kutoa tungo fupi fupi katika gazeti la Politiken. Utungo mmoja ulimtaja mtu aliyepoteza glavu moja, akaitupa ya pili, kisha akaiona ile ya kwanza. Wakaguzi wakaupitisha, lakini wananchi wakalifumbua fumbo: aliyenyang'anywa uhuru asiitupe na heshima yake.

Desemba 1942, katika gazeti lilo hilo, akatangaza mchezo alioubuni, ukiitwa Polygon. Ubao wake ulikuwa na vyumba 121, yaani 11 kwa 11, kila kimoja na pembe sita. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja hutafuta kuunganisha pande zake mbili zinazokabiliana.

Kwa nini pembe sita? Katika miraba, vyumba vinne hukutana penye ncha moja. Kete zako mbili zikigusana kwa ncha, je, zimeungana? Ukisema ndiyo, njia za wote wawili zaweza kukatizana, wakafika wote. Ukisema la, waweza kuzuiana, asifike yeyote. Lakini penye pembe sita, vyumba vikutanavyo ni vitatu tu. Shaka haipo. Ubao ukijaa, lazima mmoja awe ameshinda, sare haiwezekani.

Mwaka 1948 John Nash, mwanahisabati wa Marekani, aliubuni mchezo uo huo bila ya kumfuata Hein, kisha akathibitisha kuwa anayeanza daima anayo njia ya kushinda. Mwaka 1952 kampuni ya Parker Brothers ikauuza kwa jina la Hex.

Denmark ilikombolewa Mei 1945. Hein alitunga tungo zipatazo elfu saba kabla ya kufariki tarehe 17 Aprili, 1996. Ametuachia ubao wenye funzo: huwezi kumzuia mwenzio kabisa mpaka wewe mwenyewe uwe umevuka.