Nellie Bly: Binti Aliyemnasa Dalali wa Wabunge

Wanachuo wenzangu, nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimpa mtu shilingi 20,000 nipate kitanda bwenini. Kitanda nikapata, mdomo nikafunga. Aibu imekuja kunishika juzi juzi tu, nilipokuwa nasoma maisha ya Nellie Bly.

Jina lake la kuzaliwa ni Elizabeth Cochran, mzaliwa wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1864. Alifiwa na baba akiwa na miaka sita. Alijiunga na chuo cha ualimu, kama sisi watu wa elimu, lakini ada ikamshinda, akaacha baada ya muhula mmoja. Mwaka 1885 gazeti moja la Pittsburgh likachapa makala ya kuwabeza wanawake wanaofanya kazi. Binti akaandika barua kali ya kujibu. Mhariri hakukasirika, akampa kazi.

Mwaka 1887 akiwa New York, katika gazeti la World, alijifanya kichaa akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwenye kisiwa cha Blackwell. Alikaa siku 10, akaona chakula kibovu, maji ya baridi na vipigo. Habari ilipotoka, uchunguzi ukafanyika na fedha za kuwahudumia wagonjwa zikaongezwa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni cha mwaka 1888. Huko Albany, makao makuu ya jimbo la New York, watu walinong'ona kwamba wapo wabunge wanaonunulika. Kunong'ona tu, ushahidi hakuna. Bly akamwendea Edward Phelps, dalali aliyesifika kwa kuua miswada, akajifanya mke wa mtengenezaji dawa anayetaka muswada fulani uzimwe. Jamaa akaingia mtegoni mzima mzima! Akataja bei, akaweka alama kwenye majina ya wabunge wa kununua. Bly akarudi, akayaanika yote gazetini.

Alikuwa na miaka 23, kanizidi mwaka mmoja tu. Alifariki mwaka 1922 kwa nimonia.

Sisi hapa chuoni tunajua nani anauza nini, tunanong'onezana foleni ya chakula, basi. Mnong'ono haujawahi kumtisha mla rushwa. Mimi yangu nimeshaiandika na kuipeleka panapohusika. Nimeanza na jina langu mwenyewe, maana mtoaji naye ana kosa.