Margaret McMillan na Bustani ya Deptford

Safari hii tunawaletea habari za bibi mmoja ambaye hakuolewa wala hakuzaa, ila watoto wa maskini wa Uingereza walimpata kuwa mama.

Margaret McMillan alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York, Marekani, kwa wazazi Waskoti. Mwaka 1865 baba yake alifariki, na mama akarudi kwao Inverness pamoja na mabinti zake, Rachel na Margaret. Ugonjwa wa utotoni ulimwacha Margaret kiziwi, hata alipofika miaka 14 ndipo aliposikia tena. Labda ndiyo sababu hakuweza kupita karibu na mtoto mgonjwa akanyamaza.

Mwaka 1893 alihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu, na mwaka uliofuata akachaguliwa katika halmashauri ya shule. Yeye na Daktari James Kerr wakaanza kuwapima wanafunzi afya. Watoto walikuja shuleni na njaa, tena wachafu, kwa maana nyumbani hapakuwa na pa kuogea. Mwaka 1897 shule ya Wapping Road ikajengewa bafu, ya kwanza nchini humo. Wengi walidhani kazi ya shule ni kusoma na kuhesabu tu. Margaret aliona kwamba mtoto mwenye njaa hafundishiki.

Mwaka 1902 alimfuata dada yake London. Walikuwa miongoni mwa waliodai watoto walishwe shuleni, na sheria ya kuruhusu jambo hilo ikapitishwa mwaka 1906. Mwaka 1908, kwa fedha za Joseph Fels, tajiri wa sabuni, walifungua zahanati ya watoto wa shule huko Bow, na mwaka 1910 nyingine huko Deptford.

Hapo ndipo walipokutana na jambo lililowasumbua sana. Mtoto alitibiwa macho, masikio au ngozi, akapona, akaenda zake. Baada ya muda mfupi yuko mlangoni tena, na ugonjwa ule ule. Dawa ilikuwa nzuri. Chumba alichorudi kulala, watu wamebanana bila hewa, ndicho kilichomwuguza. Basi mwaka 1911 wakaanza kuwalaza wasichana nje bustanini usiku. Wakaona pia kwamba hao tayari ni wakubwa, na madhara yalianza zamani. Mwaka 1914 wakafungua shule ya chekechea: vibanda vilivyo wazi upande mmoja, maua na mboga, maji ya kuoga, chakula, usingizi wa mchana. Wazazi nao walikaribishwa, kwa kuwa mtoto ni wa nyumbani kwanza.

Rachel ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo kimyakimya. Alifariki Machi 1917, katikati ya vita. Sisi tunaona hapo ndipo Margaret angeweza kufunga lango na asilaumiwe. Hakufunga. Shule ikapewa jina la Rachel, na mwaka 1930 Malkia Mary akafungua chuo cha walimu chenye jina hilo hilo.

Margaret alifariki Machi 1931. Chekechea ya Rachel McMillan ingali Deptford, na watoto wangali wanacheza bustanini.