Rwabugiri, mfalme aliyehama na mji wake mkuu

Ziwa Kivu, linaloonekana kutoka vilima vya Nyamyumba wilayani Rubavu, lilikuwa uwanja wa vita vya Kigeli IV Rwabugiri, mmoja wa wafalme mashuhuri wa Rwanda. Hata hivyo, anayetafuta magofu ya mji wake mkuu hatapata ukuta wala nguzo.

Ayutthaya, mji mkuu wa kale wa Thailand ulioteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, umeacha magofu ya matofali. Kilwa Kisiwani imeacha kuta za mawe. Majumba ya Rwabugiri yalijengwa kwa miti, matete na nyasi, na mji mkuu ulikuwa popote alipokaa mfalme.

Mwana huyo wa Mutara II Rwogera alitawala katika nusu ya pili ya karne ya 19, akihama kati ya makao mengi, yakiwemo Rubengera na Kageyo. Kuhama kulikuwa mbinu ya utawala: machifu wa kila eneo walijikuta karibu na jicho lake, na majeshi yalikuwa tayari kuvuka mipaka. Kwa mitumbwi alikivamia kisiwa cha Ijwi na kumshinda mfalme wake, Kabego. Gharama iliwaangukia raia, kwani katika enzi hiyo ulienea uburetwa, yaani kazi ya lazima isiyo na ujira kwa machifu wa ardhi.

Mwaka 1894, huko Kageyo, alimpokea Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa ametoka Pangani na msafara wake. Septemba 1895 Rwabugiri alifariki ziwani, akiwa katika safari ya vita dhidi ya Bushi.

Alikuwa amemteua mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi, na mkewe Kanjogera kuwa mama mlezi wa kiti cha enzi. Uteuzi huo ndio uliozaa maafa. Mwishoni mwa 1896, huko Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake walimpindua Rutarindwa, akaangamia, na Musinga, mwana wa Kanjogera, akatawazwa.

Chini ya Musinga ufalme ulitulia Nyanza, ambako wageni leo huonyeshwa jumba la nyasi lililojengwa upya. Ijwi, iliyojitenga baada ya kifo cha Rwabugiri, leo ni sehemu ya Kongo.